Winchi Iliyoingia Maji: Namna ya Kuiokoa Bila Kupoteza Waranti

Winchi ya umeme inayofungwa kwenye bampa la mbele hukaa mahali pabaya kuliko kifaa kingine chochote cha umeme katika gari la porini. Iko chini na iko mbele, hivyo hupokea vumbi la kila barabara, tope la kila korongo na maji ya kila mto kabla injini haijayafikia. Kisha, baada ya kukaa miezi mingi bila kuguswa, hutakiwa kunasua gari la tani tatu lililozama katika udongo mweusi wa mbugani. Kila inapokuja masika, kati ya Machi na Mei, Land Cruiser na Land Rover huingia gereji za Arusha, Iringa, Nanyuki na Narok zikiwa na winchi ambazo hazijibu, na wenye magari wengi wanaporudi kwa muuzaji hupewa jibu moja: imeingia maji, kwa hiyo waranti haihusiki.

Mara nyingine jibu hilo ni la haki. Mara nyingi si la haki, lakini mwenye gari hushindwa kulipinga kwa sababu alikwisha kufungua mota, akaosha kila kitu kwa mashine ya presha na kutupa risiti. Saa chache za kwanza baada ya maji kuingia, kabla mtu yeyote hajashika spana, ndizo zinazoamua kama winchi itapona na kama madai yatakubaliwa, na ndiyo sababu hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano ambao haufai kurukwa.

Hatua ya 1: Soma waranti na namba ya IP kabla mvua hazijaanza

Chukua hati ya waranti uisome yote, hasa sehemu ya mambo yasiyohusika. Watengenezaji wengi hugawanya waranti katika mafungu mawili: sehemu za kimakanika, yaani giaboksi, dramu (pipa la kukunjia kamba) na fremu, hupewa muda mrefu, wakati mwingine maisha yote ya kifaa kwa mnunuzi wa kwanza, na sehemu za umeme, yaani mota, solenoidi (swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwenye mota) na rimoti, hupewa muda mfupi zaidi. Maji huua sehemu za umeme kwanza. Kwa hiyo maneno makubwa ya "waranti ya maisha" yaliyochapishwa kwenye boksi hayamsaidii sana mtu ambaye mota yake imeshika kutu, na ni vizuri ujue fungu lako la umeme linakwisha tarehe gani. Kamba au waya wa kuvutia kwa kawaida hauhusiki kabisa.

Angalia pia masharti manne ambayo hukataza madai mara kwa mara: matumizi ya biashara au ya kukodisha, matumizi ya mashindano, kifaa kufunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, na kifaa kununuliwa nje ya nchi unamoishi. Hili la mwisho linawagusa wengi wetu, kwa kuwa winchi nyingi zinazofungwa Afrika Mashariki hupitia Dubai. Duka la Dar es Salaam lisilo wakala wa mtengenezaji haliwezi kukupa waranti ya mtengenezaji. Linaweza kukupa ahadi yake lenyewe tu, na ahadi hiyo ni lazima iandikwe.

Kisha tafuta namba ya IP, yaani namba inayoonyesha kinga ya kifaa dhidi ya vumbi na maji. Hii hutokana na kiwango cha kimataifa IEC 60529, ambapo tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na ya pili inahusu maji. IP67 maana yake ni kwamba kifaa kilizamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila maji ya kudhuru kupenya. IP68 inazidi hapo, lakini kina na muda huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo IP68 isiyofuatana na kina na muda haijakamilika, na una haki ya kumwuliza muuzaji akuonyeshe takwimu hizo.

Hapa panahitaji kutulia, kwa kuwa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kwanza, jaribio la IP67 hufanywa kwa maji safi yaliyotulia, na joto la maji halitakiwi kutofautiana na joto la kifaa kwa zaidi ya nyuzi 5. Mto wa porini hauko hivyo. Mota ya winchi iliyotoka kuvuta huwa ya moto kiasi cha kutogusika. Ikizamishwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa, na kusinyaa huko huyafyonza maji kupitia sili (mipira ya kuziba maungio) na matundu ya waya, hata kama sili ni nzima. Pili, tarakimu 7 inahusu kuzamishwa tu, haimaanishi kwamba kifaa kinastahimili maji yanayorushwa kwa nguvu. Hilo hupimwa kwa tarakimu 5 na 6, na presha kubwa yenye maji ya moto hupimwa kwa 9. Winchi yaweza kuvuka mto salama salama na kufia kwenye sehemu ya kuoshea magari jioni ile ile. Tatu, namba inaweza kuwa ya sehemu moja tu, kwa mfano mota, ilhali boksi la solenoidi lina namba ya chini zaidi au halina kabisa.

Piga picha ya winchi ikiwa mpya, namba yake ya mfululizo ikisomeka, na piga picha ya risiti siku hiyo hiyo. Risiti za EFD, yaani za mashine za kielektroniki za kodi, huchapishwa kwa joto, na zikikaa kwenye kisanduku cha gari kwenye jua hufifia hadi zikabaki karatasi nyeupe. Muuzaji hana wajibu wa kuamini karatasi nyeupe.

Hatua ya 2: Baada ya maji, kata umeme kwanza

Gari likishatoka majini na kusimama mahali salama, kata umeme wa winchi kwa swichi kuu. Kama gari halina swichi hiyo, fungua kebo chanya ya winchi kwenye betri na uifunike ncha yake kwa kitambaa kikavu. Sababu ni ya usalama kabla ya kuwa ya waranti: maji yenye tope ndani ya solenoidi yanaweza kuunganisha mahali pasipopaswa, na solenoidi iliyoganda huifanya winchi izunguke yenyewe. Winchi ya pauni 9,500, yaani takriban kilo 4,300, ikiwa kwenye mzigo kamili inaweza kunyonya zaidi ya amperi 400 kwenye mfumo wa volti 12. Umeme wa kiasi hicho huyeyusha kebo na kuwasha moto.

Baada ya hapo toa simu, si spana. Piga picha na video ya mambo haya: alama ya maji na tope kwenye bampa, winchi nzima kutoka mbele na pembeni, bolti na sili za mota zikionekana hazijaguswa, soketi ya rimoti, na boksi la solenoidi kutoka nje. Andika kwenye simu mahali, tarehe, kina cha maji kwa makadirio, muda gari lilipokuwa majini, na kama winchi ilikuwa ikivuta au imepumzika. Maelezo yaliyoandikwa siku ya tukio yana uzito ambao maelezo ya wiki tatu baadaye hayana.

Tope lioshwe kwa ndoo ya maji safi na brashi laini, bila presha. Kama maji yalikuwa ya chumvi, iwe ufukweni Bagamoyo au Lamu, au kwenye magadi ya Ziwa Natron, suuza mara moja na kwa maji mengi, kwa sababu chumvi na magadi huendelea kula shaba na aluminiamu hata baada ya kila kitu kuonekana kimekauka.

Hatua ya 3: Kausha bila kufungua

Baadhi ya mota zina tundu dogo la kutolea maji upande wa chini, na kitabu cha maelekezo huonyesha lilipo. Hakikisha halijazibwa na tope. Wapo wanaolipaka silikoni wakidhani wanazuia maji. Wanachofanya ni kuyafungia ndani, na hilo ni jambo ambalo ningependa kila fundi alikatae hata mwenye gari akiliomba.

Acha gari juani boneti ikiwa wazi, sehemu ya mbele ikiwa juu kidogo au chini kidogo kulingana na tundu lilipo. Maji yakiacha kudondoka, fungua klachi ya dramu ili isiwe na mzigo, rudisha umeme, kisha bonyeza rimoti kwa sekunde mbili kila upande. Sikiliza. Kama hakuna moshi, harufu ya kuungua wala mlio wa kukwaruza, funga klachi na endelea kwa mzigo mwepesi: funga kamba kwenye mti kwa mkanda wake, weka gari gia huru kwenye uwanja wa tambarare, na uache winchi ilivute gari taratibu kwa muda mfupi, kisha pumzisha. Joto la mota yenyewe ndilo litakaloukausha unyevu uliobaki. Mota iwe vuguvugu kwa kiganja. Ikiwa haishikiki, umevuka mpaka. Injini iwe inawaka muda wote ili alteneta isaidie betri, na watu wakae mbali na kamba.

Kama katika sekunde zile mbili za kwanza kuna moshi, au mota inanguruma bila kuzunguka, acha hapo hapo. Kulazimisha ni kuunguza koili, na koili iliyoungua humpa muuzaji sababu ya pili ya kukataa.

Hatua ya 4: Tafuta ugonjwa kwa kupima kutoka nje

Anza na soketi ya rimoti, kwa maana ndiyo yenye hitilafu nyingi na ndiyo nafuu kuliko zote. Imulike kwa tochi: pini zake ni nyembamba, na tone moja la maji ya tope likikauka kati ya pini mbili huacha utando wa kahawia ulioshikamana, au unga wa kijani kwenye shaba, ambao wakati mwingine hauzuii umeme kabisa bali huupunguza, hivyo winchi hukubali kuvuta na kukataa kuachia. Safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kausha, na ujaribu tena kwa rimoti nyingine kama ipo. Kusafisha soketi hakuhesabiwi kuwa ni kufungua winchi.

Kisha pima kwa mita. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Pima kwenye betri, halafu kwenye temino za winchi, mtu mwingine akiwa amebonyeza rimoti. Tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo viwili inaonyesha kebo nyembamba mno, temino iliyolegea au kutu kwenye muunganisho wa bodi, na hayo ni matatizo ya ufungaji, si ya winchi. Piga picha za mita kila unapopima. Wauzaji hupenda kusema kwamba mota imekufa kwa volteji ndogo, na picha yenye tarehe ndiyo jibu pekee linalotosha.

Ukibonyeza rimoti na kusikia mlio wa "tak" kwenye boksi lakini mota haizunguki, umeme wa amri unafika. Hitilafu iko kwenye visahani vya solenoidi, kebo nene au kaboni za mota (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka). Kama hakuna mlio wowote, tafuta kwenye rimoti, soketi, waya mwembamba na muunganisho wa ardhi. Kama dramu inazunguka kwa shida hata klachi ikiwa wazi, maji yameingia upande wa giaboksi au bushi zake zimeshika kutu. Grisi nyeupe kama maziwa inayojitokeza pembeni mwa dramu ni ushahidi tosha kwamba maji yamepita kwenye sili ya giaboksi. Ipige picha, usiifute.

Hatua ya 5: Amua kama utafungua au la

Kama waranti bado ipo na winchi haihitajiki kuokoa maisha ya mtu, usifungue. Huu ni uamuzi mgumu, kwa sababu kila siku ambayo maji hukaa ndani ya mota kutu inaendelea kutafuna beringi na kaboni, na fundi mzuri wa stata angeweza kuifungua, kuikausha na kuirudisha kwa nusu siku. Njia ninayoiamini ni kumwandikia muuzaji siku hiyo hiyo, kumweleza kwamba kuchelewa kunaongeza uharibifu, na kumwomba achague moja kati ya mawili: aipokee winchi mara moja au akupe ruhusa ya maandishi ya kuifungua kwa fundi utakayemtaja. Akinyamaza, ukimya wake unabaki kwenye kumbukumbu.

Kwa kampuni ya utalii ambayo gari lake lina wageni kesho yake, hesabu inaweza kuwa tofauti. Pale ambapo waranti imebakiza muda mfupi au inakataza matumizi ya biashara waziwazi, kufungua mapema ni busara zaidi kuliko kubishana. Hata hivyo fundi achukuliwe video tangu bolti ya kwanza, na sehemu zilizotolewa zihifadhiwe kwenye mfuko, hata kaboni zilizokwisha.

Hatua ya 6: Andika madai

Simu haitoshi. Tuma baruapepe, na ukitumia WhatsApp hakikisha maelezo yote yamo katika ujumbe mmoja unaoweza kuhifadhiwa. Mfano huu unaweza kubadilishwa kulingana na hali:

"Ninatoa taarifa kwamba winchi niliyoinunua kwenu tarehe [...], risiti namba [...], namba ya mfululizo [...], imepata hitilafu tarehe [...]. Gari lilivuka maji ya kina cha takriban sentimita [...] kwa muda wa dakika [...], na winchi haikuwa ikivuta wakati huo. Kifaa kimetangazwa kuwa na kinga ya IP67. Dalili ni kwamba [...]. Volteji kwenye betri ni [...] na kwenye temino za winchi ni [...]. Winchi haijafunguliwa na sili zote ziko kama zilivyotoka kiwandani. Nimeambatisha picha na video. Kwa kuwa unyevu unaendelea kuharibu sehemu za ndani, naomba mnijibu kwa maandishi ndani ya siku saba kama mtaipokea winchi kwa ukaguzi, nani atalipia usafirishaji, na kama mnaniruhusu kuifungua wakati nikisubiri."

Usiandike maneno kama "ilizama kabisa" kama haikuzama kabisa, wala usipunguze kina cha maji ili upendeze. Mkaguzi ataona mstari wa tope ndani ya boksi, na uongo mdogo ukigundulika utaharibu hata sehemu ya madai iliyo ya kweli.

Hatua ya 7: Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi na kipengele cha waranti kinachotajwa. Wakijibu kwamba maji hayahusiki, uliza kinga ya IP iliyotangazwa inamaanisha nini basi, na ni sehemu gani ya winchi ina kinga hiyo. Hoja yako ina nguvu zaidi kama kina na muda vilikuwa chini ya vile vya jaribio na mota haikuwa ya moto. Kama uliizamisha ikiwa inavuta, ni afadhali uombe kuuziwa mota kwa bei nafuu kuliko kupigania kile ambacho kiwango chenyewe hakikuahidi. Wakisema ilizidishiwa mzigo, kumbuka kwamba nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la kwanza la kamba kwenye dramu, na hupungua kila kamba inapojikunja juu ya nyingine, hivyo uzito wa gari peke yake hauthibitishi lolote. Wakisema ilifungwa vibaya, toa picha za mita na za kebo.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 katika Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya, kiasi ambacho kinatosha winchi nyingi. Tanzania ina Tume ya Ushindani, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003 na kupokea malalamiko ya walaji. Nchi zote mbili zina sheria ya mauzo ya bidhaa yenye asili ya sheria ya Uingereza ya 1893, ambayo humtaka muuzaji wa kibiashara atoe bidhaa yenye ubora wa kuuzika, na humlinda zaidi mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi atakayoifanya na kutegemea ujuzi wake. Kwa sababu hiyo, unaponunua winchi, andika kwenye ujumbe kwamba utavuka nayo mito na uombe ushauri. Sheria za walaji zimeandikwa zaidi kwa ajili ya mnunuzi binafsi, kwa hiyo kampuni itegemee mkataba wake na ushauri wa wakili.

Hatua ya 8: Winchi inaporudi

Usisaini kupokea kabla ya kulinganisha namba ya mfululizo na ile iliyo kwenye picha zako. Uliza ni sehemu zipi zimebadilishwa, sehemu hizo zina waranti ya muda gani, na kama muda wa waranti ya awali unaendelea au umeanza upya. Majibu hayo yaandikwe kwenye hati ya kazi. Ijaribu pale pale ikivuta na kuachia, kwanza bila mzigo, kisha kwa kuvuta gari kwenye tambarare.

Baada ya kuifunga, paka grisi ya silikoni kwenye soketi ya rimoti na kifuniko chake, hamishia boksi la solenoidi juu au ndani ya boneti kama mtengenezaji anaruhusu, na izungushe winchi angalau mara moja kwa mwezi kwa kutoa kamba mita 15 na kuirudisha kwa mzigo mwepesi. Waranti ikishakwisha, mrija wa kupumulia kutoka kwenye mota hadi juu ya injini, kama ule wa magari ya mashindano, huondoa tatizo la mota ya moto kufyonza maji. Kabla ya hapo usiguse, kwa kuwa kutoboa mota kunafuta waranti bila mjadala.